Mwenye nyumba anataka nilipie kutu ya bahari (dipoziti, Bamburi, Mombasa)

Mpangaji wa Zamani

Assalam aleikum, na habari zenu nyote. Nisaidieni mawazo kabla sijakwenda kumfokea mtu.

Nimekaa nyumba ya vyumba viwili Bamburi miaka minne na miezi miwili. Orofa ya pili, upande wa baharini. Ukifungua dirisha la jikoni unaona minazi na kipande cha bahari, ndicho kilichonivutia na ndicho kilichonitia mashakani, mtaona. Kuingia nililipa kodi ya mwezi wa kwanza 18,000, dipoziti 18,000, na dipoziti ya maji 2,500. Mwaka juzi kodi ikapanda hadi 20,000, ajenti akanitaka niongeze 2,000 kwenye dipoziti ati zilingane. Nikaongeza. Jumla 22,500, yote kwa M-Pesa, hakuna shilingi niliyompa mtu mkononi.

Nimehamishwa kazi, sasa niko Changamwe. Notisi nilitoa mwezi mzima, kwa barua, na picha ya barua nikamtumia ajenti kwa WhatsApp. Kodi ya mwezi wa mwisho nimelipa. Bili ya maji nimelipa. Tokeni za stima nimemwachia atakayekuja. Siku ya kuhama nikamwita keateka tuzunguke vyumba pamoja, akasema ana haraka, funguo niache dukani, tutaongea. Nikaacha dukani.

Wiki ya tatu naletewa karatasi. Rangi nyumba nzima 12,000. Kukwangua kutu na kupaka grili za madirisha 6,500. Mifereji mitatu, yaani bomba za kufungulia maji, 3,600. Mlango wa bafu uliofura 3,000. Usafi 2,000. Jumla 27,100, na chini kwa wino mwekundu: "Unadaiwa 4,600."

Yaani nimelipa dipoziti, na bado nadaiwa. Hizo grili mimi nimezila au nimezitafuna? Niliingia nazo zina kutu, lakini nani atanisadiki sasa.

Shangazi wa Kongowea

Pole mwanangu. Lakini na wewe, kodi ya mwezi wa mwisho ulilipa ya nini? Mie nimehama nyumba saba hapa Mombasa na sijawahi kurudishiwa dipoziti hata mara moja, kwa hivyo nilijifunza: mwezi wa mwisho unakaa kimya, unamwambia "kata kwenye dipoziti". Akipiga kelele, apige. Mwisho wa mwezi umeshaondoka na sufuria zako.

Mpangaji wa Zamani

Shangazi, mkataba umekataza wazi. Halafu mwenye nyumba mwenyewe hakunikosea kwa miaka minne, niliona haya.

Shangazi wa Kongowea

Haya haijazi gunia.

Mzee Ploti Sita

Naomba niseme kwa upande wa pili, na msinipige mawe. Mimi ni mwenye nyumba, nina nyumba sita Mikindani. Huo mtindo wa Shangazi ndio ulionifanya niwe mkali. Mtu anakaa mwezi wa mwisho bure, akiondoka nakuta bili ya maji ya miezi minne, kitasa kimeng'olewa, sinki limepasuka. Nitalipia nini, na dipoziti ameshailalia?

Lakini nitawaambia siri ambayo wenzangu hawaisemi. Wengi wetu hiyo dipoziti hatunayo. Uliponipa, wiki ileile nilinunua mabati, au nilimlipia mtoto karo. Haikukaa mahali. Ndiyo sababu utaambiwa "subiri nyumba ipate mtu". Dipoziti ya anayeingia ndiyo inayomlipa anayetoka. Nyumba ikikaa tupu miezi miwili, nawe unakaa miezi miwili. Na nyumba ikipata mtu mapema, kuna wenye tamaa watakaotafuta sababu ya kubaki na zote mbili. Hiyo karatasi yako inanuka hivyo, maana 27,100 imezidi dipoziti kwa kiasi kidogo tu. Ni hesabu iliyotengenezwa ili uogope deni, uache kudai.

Nanga Moja (fundi)

Kazi yangu ni grili na mageti, karakana yangu iko Kisauni, kwa hivyo kwenye kutu niacheni nizungumze kidogo.

Chuma cha pwani hakingoji mpangaji. Upepo wa kaskazi ukivuma unaleta chumvi, wa kusi nao unaleta chumvi, na Bamburi inatazama bahari wazi. Chumvi ile inakaa juu ya chuma, usiku unyevu unailainisha, asubuhi chuma kimeanza kuliwa. Grili iliyopigwa redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, vizuri chini, kisha rangi ya mafuta mara mbili, inaweza kukupa miaka kadhaa upande wa baharini. Iliyopakwa rangi moja juu ya chuma kikavu ili nyumba ionekane mpya ipate mtu, hiyo masika ya kwanza tu inavimba na kubanduka. Na grili nyingi za kukodisha ni za aina hii ya pili, nasema kwa sababu mimi ndiye ninayeambiwa "paka mara moja tu fundi, bei chini".

Sasa mpangaji alitakiwa afanye nini? Afunge bahari?

Mifereji nayo. Maji ya kaunti yanatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere, Tiwi, na hayafiki kila siku. Kwa hivyo ploti nyingi za Bamburi, Shanzu na Mtwapa zina kisima chao. Na Bamburi yote imekalia mawe ya matumbawe, ndiyo sababu saruji inatengenezwa pale tangu 1954. Maji yakipita kwenye mawe yale yanabeba chokaa, na kisima kikiwa karibu na bahari yanabeba na chumvi. Mfereji wa bei rahisi ukinywa maji hayo unashika utando mweupe, roho yake inaliwa, unaanza kutona. Ploti yenu mlikuwa na kisima?

Mpangaji wa Zamani

Kisima, ndiyo. Maji ya kaunti yalikuwa yakija mara mbili kwa wiki. Ukioga ya kisima sabuni haitoi povu.

Ila niseme kweli: mfereji mmoja, ule wa jikoni, niliuvunja mimi. Niliukaza kwa spana nikauzidishia.

Nanga Moja (fundi)

Basi huo lipia. Miwili iliyobaki ni ya kisima.

Sheria Mkononi

Nimesoma sheria lakini mimi si wakili wako, kwa hivyo chukua haya kama ya baraza la kahawa.

Kuna watu watakuambia nenda baraza la kodi za nyumba. Usipoteze nauli. Lile la Sura ya 296 ya sheria za Kenya linahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango kimekaa hapo miaka na miaka, huku kodi zikiwa zimepaa. Na lile jingine, la Sura ya 301, ni la maduka, hoteli na mikahawa. Wewe wa 20,000 huko kote huna nafasi.

Mlango wako ni Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa kwa sheria ya 2016 na sasa ipo hapa Mombasa pia. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inaitaka imalize ndani ya siku 60 tangu dai lifunguliwe. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Haifungwi sana na kanuni za ushahidi za mahakama kubwa, kwa hivyo ujumbe wa simu, picha na taarifa ya M-Pesa vina kazi. Haigusi mzozo wa nani mwenye ardhi au nani akae kwenye nyumba, lakini wewe huombi nyumba. Unadai pesa zako ambazo mtu amezipokea na kuzishikilia, na hilo limo katika kazi yake.

Polisi msiende. Watakwambia hii ni kesi ya madai, na watakuwa wamesema kweli.

Ila mambo mawili nataka kujua. Mkataba unasema nini hasa juu ya hali ya nyumba wakati wa kutoka? Na unasema nini juu ya rangi? Usinieleze kwa maneno yako, nakili.

Mpangaji wa Zamani

Nimeufukua chini ya vyeti vya watoto. Kifungu cha 9: "Mpangaji atarudisha nyumba katika hali aliyoipokea, isipokuwa uchakavu wa kawaida." Kifungu cha 11: "Mpangaji ataipaka nyumba rangi ya ndani kabla ya kukabidhi funguo."

Kusema kweli hicho cha 11 sikukisoma. Siku ile nilikuwa na lori la vitu limesimama nje na dereva anapiga honi.

Sheria Mkononi

Hapo ndipo ulipo. Cha 9 kinakulinda: kutu ya grili, mlango wa bafu uliofura kwa mvuke, mifereji iliyoliwa na kisima, hayo yote ni uchakavu wa kawaida ukiangalia mahali nyumba ilipo. Ni juu yake kuonyesha kwamba ni wewe uliyeharibu. Lakini cha 11 ulikitia sahihi. Rangi una deni nayo, kiasi fulani.

Kiasi gani, hilo ndilo la kubishania. Aonyeshe risiti ya fundi na ya rangi, si namba tupu. Na kama ulipoingia nyumba haikuwa imepakwa, huwezi kudaiwa uiache bora kuliko ulivyoikuta. Nashauri usikatae karatasi nzima. Mtu anayekataa kila kitu anaonekana mwongo hata penye haki yake. Kubali lako, kataa lisilo lako, toa namba.

Mzee Ploti Sita

Naunga mkono. Na rangi ya maji kwa vyumba viwili 12,000 si bei ya wizi, lakini wapangaji wangu wenye akili huleta fundi wao wenyewe wiki ya mwisho, inashuka.

Mwana Kisauni

Na sisi wa vyumba je? Nakaa nyumba ya Kiswahili, vyumba sita ukumbi katikati, changu nalipa 2,300. Mkataba hakuna, risiti hakuna, dipoziti nilimpa mama mwenye nyumba mkononi, na mama ameshafariki Mungu amrehemu. Wanawe wanasema hawajui dipoziti. Halafu ardhi yenyewe si yao, nyumba ni yao lakini kiwanja kina mwenyewe mwingine na wao wanamlipa kodi ya ardhi. Sijui hata nimdai nani.

Sheria Mkononi

Dada, mwenye kiwanja mwache, hakupokea pesa yako. Uliingia kwa mwenye nyumba, na waliorithi nyumba wamerithi na deni lake. Na wewe wa 2,300 ndiye hasa wa lile baraza la Sura ya 296. Tafuta jirani aliyekuwapo siku unalipa. Neno la jirani wa ukumbi mmoja si dogo.

Shangazi wa Kongowea

Na mzee wa mtaa asisahauliwe. Huko Kisauni mambo mengi huishia kwake, juu ya mkeka na kahawa, kabla hayajafika mbali. Wana wa marehemu wataona haya mbele yake kuliko mbele ya hakimu.

Mwana Kisauni

Ahsante shangazi. Mzee wa mtaa ni mjomba wao.

Shangazi wa Kongowea

Basi nenda barazani moja kwa moja.

Tudor Creek

Mpangaji wa Zamani, swali la kijinga: picha za siku unaingia huna? Mimi kila nikiingia nyumba, kabla ya kushusha hata kijiko, nazunguka na simu. Kuta, dari, chini ya sinki, mita ya maji na namba yake, bawaba za milango. Kisha natuma kwa ajenti siku ileile kwa WhatsApp, na maneno mafupi: "Nyumba nimeipokea hivi." Akiona tiki za buluu zinatosha. Mara moja dipoziti ilirudi yote ndani ya siku nne, sababu kila alichotaja nilikuwa na picha yake.

Mpangaji wa Zamani

Sina. Simu ya wakati ule ilianguka Likoni, kwenye kivuko, iko na samaki.

Mpangaji wa Zamani

Subirini. Subirini kwanza.

Nimemweleza mke wangu habari hii akanitazama kama mjinga. Kumbe siku tuliyoingia alimrekodia mama yake aliye Malindi video, dakika tatu nzima, anamzungusha nyumba mpya. "Mama, hapa ndipo jikoni, mama tazama bahari." Na mama mkwe hafuti kitu kwenye simu yake, hata zile jumbe za "sambaza kwa watu kumi". Ametuma video asubuhi hii. Dirisha la jikoni lile, mke wangu ananyoosha kidole kuonyesha bahari, na kidole kinapita mbele ya grili, kutu imeshuka mpaka ukutani imechora mstari wa rangi ya chai. Ukuta wa sebuleni una alama za misumari na mafuta ya kichwa ya mtu aliyekaa kabla yetu. Haikupakwa rangi tulipoingia. Na tarehe ipo juu ya ujumbe.

Nanga Moja (fundi)

Mama mkwe apelekewe zawadi.

Sheria Mkononi

Safi. Sasa andika barua, ukurasa mmoja, bila matusi. Taja tarehe ya kuingia, tarehe ya notisi, tarehe ya kutoka, kiasi ulichoweka na namba za miamala ya M-Pesa. Kisha kila kipengele cha karatasi yao, ukubali au ukatae kwa sababu moja. Mwisho kiasi unachodai na siku unazompa, tuseme 14, na kwamba zikipita utafungua dai Mahakama ya Madai Madogo. Mpe mwenye nyumba mwenyewe, si ajenti peke yake. Ajenti mara nyingi ndiye anayeandika hizi karatasi, na mwenye nyumba hata hajaiona. Na usiwe na pupa ya kutisha watu, deni la mkataba lina miaka sita kabla halijafa kisheria.

Mpangaji wa Zamani

Narudi kuwapa habari.

Barua nilimpelekea mzee mwenyewe kwake Tudor, siku ya Jumamosi baada ya alasiri. Akanikaribisha kahawa. Mnajua, ile karatasi ya wino mwekundu hakuwahi kuiona kweli. Alidhani nimeshalipwa zamani. Akampigia ajenti mbele yangu, akaweka sauti ya nje, na yule bwana akaanza kukohoa.

Nikamwonyesha video. Mzee akaicheka, ati "huyu mama yuko wapi, mbona hakuja kupanga kwangu". Tukakaa na kalamu. Grili akafuta. Mlango akafuta. Mifereji miwili akafuta, ule wa jikoni nikakubali 1,200. Rangi tulibishana sana, yeye anashika kifungu cha 11, mimi nashika video, tukakata katikati 6,000. Usafi alitaka 2,000, tukashuka 1,000, maana kweli niliacha maboksi na godoro bovu. Jumla yangu 8,200, kwa hivyo narudishiwa 14,300. Tukaandika, tukatia sahihi wote wawili, na kijana wake akatia kama shahidi.

Lakini kama alivyosema Mzee Ploti Sita, pesa hazipo. Ametuma 8,000 palepale. 6,300 amesema mwisho wa mwezi.

Mzee Ploti Sita

Atatuma. Aliyekupa kahawa na sahihi atatuma. Ila mpigie tarehe 28, usingoje tarehe 5, tarehe 5 zote zimeshaisha.

Tudor Creek

Kwa hivyo umepoteza 8,200 kwa sababu ya kifungu usichokisoma na godoro usilolitupa.

Mpangaji wa Zamani

Ndiyo, na spana.

Shangazi wa Kongowea

Mie bado nasema ungekaa mwezi wa mwisho bure, ungekuwa na 20,000 mfukoni siku nyingi.

Mzee Ploti Sita

Na kahawa ungenyimwa.

Mwana Kisauni

Mimi pia nina habari. Jirani yangu wa chumba cha mwisho amekubali kusema aliona nikihesabu pesa kwa mama. Wale vijana waliposikia wameanza kuniamkia tena asubuhi. Pesa bado, lakini salamu zimerudi.

Mpangaji wa Zamani

6,300 imeingia jana saa mbili usiku. Ahsanteni nyote, Sheria Mkononi hasa.

Leo nilikuwa kwenye matatu ya Mtwapa, nikapita chini ya ile nyumba. Imeshapata mtu, kuna mapazia mapya na nguo za watoto zimeanikwa. Grili ya dirisha la jikoni iko vilevile na kutu yake.

Nanga Moja (fundi)

Waambie hao wapya wapige picha leo.